Mapezi, feni au bomba la joto: kupoza draivu na inveta penye hewa ya chumvi ya Mombasa

Draivu ya mota ya 5.5 kW, kifaa cha kudhibiti kasi ya mota ambacho mafundi hukiita VFD, ikiwa na ufanisi wa asilimia 97 hutema wati 170 hivi za joto mota inapovuta mzigo kamili. Inveta ya nyumba inayotoa 4 kW kutoka kwenye betri kwa ufanisi wa asilimia 93 hutema 300. Kidhibiti cha pampu ya sola ya 2.2 kW hakifiki 70. Joto hilo lazima litoke, na kuna njia nne za kulitoa bila kuingia kwenye mambo ya pampu na mipira ya maji: mapezi ya alumini peke yake, mapezi na feni, mabomba ya joto yenye utambi, au mabomba yasiyo na utambi yanayotegemea uzito wa maji kurudi chini. Huko bara mtu anaweza kuchagua kwa kuhesabu wati tu. Mombasa anza na chumvi, wati zifuate.

Sababu ni hii. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji ya hewani na kuyeyuka unyevunyevu wa hewa unapopita asilimia 75 hivi, na usiku wa pwani huvuka hapo mara nyingi. Chembe zilizoletwa na feni mchana zikatua juu ya bodi, usiku hugeuka utando wa maji ya chumvi unaopitisha umeme. Draivu ya fezi tatu ya 415 V ina takriban 587 V za DC kwenye kapasita zake, na njia nyembamba ya utando huo kati ya miguu miwili ya moduli (kifurushi cha transista za nguvu) inatosha kuanzisha cheche. Ndiyo maana kifaa kilichovumilia jua la saa nane mchana kinaweza kulipuka alfajiri kinapowashwa, na fundi akalaumu umeme wa gridi.

Namba ya kubeba dukani

Mwezi wa Machi, kabla ya masika, kivulini hufika nyuzi 32 au 33. Chumba cha paa la mabati chenye dirisha moja ni habari nyingine, kwa hiyo hesabu za hapa zinachukua hewa ya nyuzi 45 kuzunguka boksi. Bamba ambalo moduli imekaa juu yake lisipite nyuzi 80. Kiini cha IGBT, yaani transista iliyo ndani ya moduli, huvumilia 150, na aina nyingine 175, lakini kutoka kiini hadi bamba kuna ngazi nyingine za joto, na kapasita zilizo jirani hazina ustahimilivu huo. Inabaki tofauti ya nyuzi 35. Igawanye kwa wati 170: unapata 0.2, yaani bamba lisipande zaidi ya nyuzi 0.2 kwa kila wati. Hitisinki, yaani bamba na mapezi yake, iliyoandikwa namba kubwa kuliko hiyo haitoshi, hata muuzaji akiapa.

Mapezi matupu

Hewa inayopanda yenyewe kati ya mapezi, pamoja na joto linalotoka kwa mnururisho, huondoa kama wati 6 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Wati 170 kwa nyuzi 35 zinataka mita za mraba 0.81. Bamba la milimita 300 kwa 250, lenye mapezi 25 ya kina cha milimita 60, linatoa 0.9. Uzito wake ni kilo 4 hivi, na hakuna kitu ndani yake kinachozunguka, kuvuja wala kuchakaa.

Mapezi yasimame wima na nafasi kati yao iwe milimita 6 hadi 10. Yakibanana zaidi, hewa inayopanda hukwama katikati, na eneo ulilolipia halifanyi kazi. Rangi nyeusi ya anodaizi si urembo: alumini tupu inayong'aa haitoi joto la maana kwa mnururisho. Kasoro kubwa ya njia hii ni kwamba moduli ina ukubwa wa kiganja na bamba ni kubwa kama sinia. Joto hupata taabu kufika pembeni, hivyo chini ya moduli kunakuwa na nyuzi kadhaa zaidi ya wastani wa bamba. Kitako cha milimita 10 husaidia kuliko kuongeza mapezi ya pembeni.

Kwa kidhibiti cha pampu ya sola hakuna mjadala. Wati 70 zinataka mita za mraba 0.33 tu. Nunua kile ambacho mapezi yake yapo mgongoni, nje ya boksi lililofungwa, uendelee na kazi nyingine.

Feni

Feni hufanya hitisinki iwe ndogo mara tatu au nne, na hapo ndipo bei yake nafuu inapotoka. Kuondoa wati 170 huku hewa ikipanda joto kwa nyuzi 10 tu kunahitaji mita za ujazo 55 kwa saa; feni ya milimita 120 hutoa zaidi ya mara mbili ya hiyo ikiwa wazi. Mapezi yakiwa na nafasi ya milimita 2 au 3 hubaki kama nusu, na yakijaa vumbi na nywele za gunia hubaki kidogo sana.

Swali la muhimu ni feni inapuliza nini. Ikivuta hewa ya nje na kuipitisha juu ya bodi, umeialika chumvi ndani kwa mkono wako. Kichungi cha sponji huzuia vumbi, hakizuii unyevu wa chumvi. Ikipuliza mapezi yaliyo kwenye njia yao wenyewe nyuma ya boksi, huku bodi ikiwa imefungiwa upande wa pili na gasketi, basi feni haina lawama. Draivu nyingi huuzwa zikiwa na uwezekano wa kufungwa hivyo, mapezi yakitokeza nyuma kupitia tundu la paneli. Uliza kabla ya kununua. Chagua feni yenye beringi za gololi, si ya bushi, iliyofungwa kwa IP68 (kiwango cha kuzuia vumbi na maji), na ikae mahali inapoweza kubadilishwa bila kufungua boksi. Swichi ya joto ya KSD301 ya nyuzi 60 iliyobanwa kwenye bamba huifanya izunguke pale inapohitajika tu, na umri wake huongezeka.

Bomba la joto lenye utambi

Ni mrija wa shaba uliofungwa pande zote mbili, hewa imetolewa, maji kidogo yameachwa, na ukuta wa ndani umevikwa utambi wa unga wa shaba uliookwa. Upande uliogusa moduli huchemsha maji. Kwa kuwa hakuna hewa, yanachemka hata kwenye nyuzi 40 au 60. Mvuke hukimbilia upande wa baridi, hugeuka maji, na utambi huyarudisha kama utambi wa taa unavyopandisha mafuta. Kila gramu ya maji hubeba juli 2,350 hivi, kwa hiyo bomba linalobeba wati 28 linazungusha gramu 0.7 tu kwa dakika. Wazo la mrija wenye utambi lipo kwenye hataza ya Gaugler wa General Motors ya 1944, na kikundi cha Grover huko Los Alamos kililifufua miaka ya 1960.

Jambo ambalo matangazo hulipita haraka: bomba la joto halipoozi kitu. Linahamisha joto kutoka hapa hadi pale kwa kupoteza nyuzi chache njiani. Hewa ya nje bado inataka mita zake za mraba, tena zaidi kidogo, kwa sababu hizo nyuzi chache zimeliwa. Unalinunua ili mapezi yawe mbali na bodi, boksi lifungwe, na moduli ndogo iweze kutumia mapezi yote sawasawa badala ya yale ya katikati peke yake.

Uwezo wake. Bomba la milimita 6 lenye urefu wa milimita 200, likiwa limelala, hubeba kama wati 40. La milimita 8 kama 60. Urefu ukiwa maradufu, uwezo hushuka hadi nusu, kwa kuwa utambi unavuta maji mbali zaidi. Sehemu ya moto ikiwa chini uwezo hupanda. Ikiwa juu hushuka, na mabomba ambayo utambi wake ni mifereji ya ndani badala ya unga wa shaba hukaribia kushindwa kabisa. Kona ya kukunja isiwe na nusu kipenyo chini ya mara tatu ya kipenyo cha bomba, na usilibonde likawa bapa chini ya nusu ya unene wake.

Kwa draivu yetu: mabomba sita ya milimita 8, urefu wa milimita 400. Milimita 100 zimelala ndani ya kitalu kilichobanwa kwenye moduli, 300 zinatokea ubavuni mwa boksi zikienda sambamba na ukuta. Kila moja linabeba wati 28, karibu na uwezo wake likiwa limelala kabisa, kwa hiyo lipe mwinuko wa nyuzi 5 hadi 10 za pembe kuelekea nje ili maji yarudi yakisaidiwa. Juu ya sehemu ya nje panga mapezi 36 ya bamba la nusu milimita, kila moja milimita 100 kwa 150, nafasi milimita 8. Hiyo ni mita za mraba 1.08. Mabomba na viungo vinakula nyuzi 9 hivi, zinabaki 26 kwa hewa, na hesabu inakaa sawa. Jumla ni kilo 2 hivi.

Kosa linalojirudia ni kuyasimamisha mabomba wima kabisa kwa sababu "joto hupanda". Mabomba yatafurahi, lakini mapezi yaliyochomekwa juu yake yatakuwa yamelala kama rafu za kabati, na hewa haitapanda kati yake. Kwa kazi isiyo na feni bomba lilale karibu na usawa ili mapezi yasimame.

Kosa la pili ni kutumia kipoza cha kompyuta kilichotolewa kwenye mashine kuukuu. Kina mabomba mazuri ya milimita 6, ila mapezi yake yamebanana kwa milimita 2 hivi, yametengenezwa kwa ajili ya feni. Bila feni hakitabeba hata sehemu ndogo ya wati zilizoandikwa kwenye boksi lake.

Bomba lisilo na utambi

Hili ni mrija mtupu wenye maji au gesi ya friji chini. Mvuke hupanda, maji hutiririka kurudi. Ni rahisi zaidi, na moja la milimita 15 likisimama linaweza kubeba mamia ya wati. Kwa inveta za wati 300 kwenda juu zilizofungwa ukutani na kukaa hapo, lina maana. Likipinduka au kulazwa, limekufa. Kwenye mashua, feri au tuktuk ya umeme usiliguse. Chombo kikiyumba maji huondoka penye moto, na huko utambi wa unga wa shaba ndio unaostahili gharama yake. Yenye maji pia hugongagonga kabla ya kupata joto la kutosha, jambo linaloogopesha wenye nyumba bila sababu.

| Kwa wati 170 | Mapezi matupu | Feni | Bomba lenye utambi | Bomba bila utambi |
|---|---|---|---|---|
| Uzito | kilo 4 | kilo 1 hadi 1.5 | kilo 2 | kilo 2 hadi 3 |
| Kufunga boksi kabisa | ndiyo, mapezi yakiwa mgongoni | kwa njia tofauti ya upepo tu | ndiyo | ndiyo |
| Kinachoharibika kwanza | hakuna, ni uchafu tu | feni | kiungo cha shaba na alumini | kuvuja |
| Mkao | mapezi wima | wowote | mwinuko kidogo | wima tu |

Shaba, alumini na bahari

Mstari wa tatu wa jedwali unahitaji maelezo, kwa kuwa ndipo fedha nyingi hupotea. Tazama mashine za nje za viyoyozi (AC) kwenye majumba ya Nyali yanayoelekea bahari: mapezi ya alumini yaliyochomekwa kwenye mirija ya shaba huliwa hadi yakawa unga mweupe unaovunjika kwa kidole. Shaba na alumini zikigusana ndani ya maji ya chumvi zinakuwa betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Kwenye hitisinki ya mabomba, unga huo hujaa kati ya bomba na pezi, mbano hulegea, na joto la moduli hupanda taratibu kwa miezi bila mtu kujua. Taka mabomba yaliyopakwa nikeli, na mapezi yote yapakwe epoksi nyembamba baada ya kukusanywa, si kabla, ili rangi izibe kiungo. Ukipaka kwanza kisha ukachomeka, umekwangua rangi mahali pale pale ilipohitajika. Mapezi ya shaba yaliyounganishwa kwa solda hayana ugomvi huu, ila uzito na bei vinapanda.

Mara moja kila baada ya miezi mitatu osha mapezi ya nje, umeme ukiwa umezimwa, kwa maji ya mfereji au ya mvua. Maji ya kisima cha mtaani mara nyingi yana chumvi yake mwenyewe. Ukiyatumia umeongeza ulichokuja kuondoa.

Ukuta nao una neno. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki na Kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, zote zikipitia baharini. Upande wa magharibi wa jengo umekingwa na zote mbili, ila jua la jioni linaupiga, kwa hiyo weka kijipaa. Mlango wa boksi wa milimita 400 kwa 300 wenye rangi ya kijivu iliyokoza hunywa zaidi ya wati 80 za jua likiupiga wima. Hiyo ni karibu nusu ya joto la draivu yenyewe, umelikaribisha bure.

Kuunganisha

Usitoboe bomba la joto kwa dirili, wala kulikata, wala kulichoma kwa moto wa gesi. Tundu dogo kiasi gani huingiza hewa, na kuanzia hapo ni kipande cha shaba tu. Ukiunganisha kwa solda tumia ile ya bati na bismuthi inayoyeyuka nyuzi 138. Hapo shinikizo ndani ya bomba ni kama mara 3.4 ya hewa ya kawaida. Kwa solda isiyo na risasi ya nyuzi 220 ni zaidi ya mara 20, na ncha iliyobanwa vibaya kiwandani inaweza kufumka usoni. Alumini tupu haishiki solda ya kawaida: chimba mfereji wa milimita 8 kwenye kitalu, laza bomba ndani kwa epoksi inayopitisha joto, kisha usawazishe uso. Uso huo usiwe na bonde la zaidi ya milimita 0.05 chini ya moduli. Pesti ya joto iwe utando tu, si siagi ya mkate; inayobubujika pembeni ni ishara kwamba umeweka nyingi. Kaza skrubu za M6 kwa mpishano, kwanza nusu, kisha kamili, kwa kawaida 3 hadi 5 Nm, lakini karatasi ya moduli ndiyo yenye kauli ya mwisho.

Kabla ya kushika chochote ndani, zima, subiri dakika 10, pima DC kwenye kapasita. Na kama unatumia transista zilizo peke yake badala ya moduli yenye kitako kilichotengwa, migongo yake ina umeme. Bila pedi ya maika au silikoni, umeme huo utapita kwenye mabomba hadi mapezi ya nje ambayo mtoto anaweza kuyagusa. Weka pedi, na funga waya wa ardhi kwenye kitalu pia.

Boksi lililofungwa halimalizi kila joto. Kiasi cha wati 20 kati ya 170 hutoka kwenye koili, kapasita na bodi, hazipiti kwenye mabomba. Boksi la milimita 400 kwa 300 kwa 200 lililobanwa ukutani lina mita za mraba 0.4 hivi zilizo wazi, kwa hiyo hewa ya ndani itapanda nyuzi 10 juu ya ya nje. Kapasita hupoteza karibu nusu ya umri kwa kila nyuzi 10. Ukiona hilo ni ghali, chukua boksi kubwa zaidi; usitoboe matundu. Weka kipumulio cha utando unaopitisha hewa na kuzuia maji, kwa kuwa boksi linapopoa usiku huvuta hewa kupitia mwanya wowote, pamoja na kifuko cha silika cha kubadilishwa kila masika yakiisha.

Basi uchague nini

Chini ya wati 100: mapezi matupu, na mwenye kukuuzia bomba la joto hapo anakuuzia shaba. Kati ya 100 na 200, ukiwa na ukuta wa kutosha na bamba la kilo 4 linabebeka, bado ni mapezi matupu mgongoni. Bomba lenye utambi linashinda pale nafasi ni finyu, au kifaa kinayumba, au kipo mahali ambapo hakuna atakayekuja kubadilisha feni, mathalani kwenye mashine ya barafu ufukweni. Kwa inveta ya wati 300 karibu kila mara chukua feni iliyo kwenye njia yake ya nje, kwa sababu bila feni unahitaji zaidi ya mita 1.4 za mraba, na ukubwa huo hauwekwi sebuleni. Feni ya akiba ikae kabatini tangu siku ya kwanza.

Bomba jipya, au lililotolewa kwenye laptopu ya mtumba, lipime kabla ya kulifunga: tumbukiza ncha moja kwenye kikombe cha maji ya nyuzi 60 hadi 70 na ushike nyingine. Bomba lililo zima huchoma vidole ndani ya sekunde chache. Lililoingia hewa hupata joto polepole kama kijiko. Lililozaa gesi ndani hupata joto hadi katikati, ncha ikabaki baridi.

Baada ya kufunga, endesha mzigo kamili kwa saa moja, kisha pima ncha ya kila bomba. Kipimajoto cha mionzi hudanganywa na shaba na alumini zinazong'aa. Bandika tepu nyeusi ya umeme mahali pa kupimia, au tumia waya wa thamokapo. Ncha zikikaribiana, sawa. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa nyuzi 10, bomba hilo limekufa, na yale matano sasa yanabeba wati 34 kila moja. Mwinuko ukiwa sawa, draivu itaendelea kufanya kazi, lakini agiza kitalu kingine wiki hiyo hiyo.